Jinsi Tulivyolima Pendekezo la Mwikali

Majuzi mmoja wenu, kijana aliyeanza uzamili mwaka huu, alinipigia simu kuniuliza kama ni kweli nilifundisha uandishi wa utafiti mpaka nikastaafu na bado nina akili timamu. Ninazo, asante, zimepungua kidogo tu. Kisha akafungua moyo. Darasa lenu liko mtandaoni, mwalimu hamjamwona ana kwa ana, hamjuani nyinyi kwa nyinyi, na kila mtu anaandika peke yake kwake kama aliyefungiwa. "Madam, hii kitu ya onlaini haina roho," akaniambia. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa na mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mwamba kule Mutomo, na yeye alikuwa na hasira kuliko huyu kijana.

Basi nimeona niwaandikie nyote. Msitarajie mpangilio. Nilipostaafu nikarudi nyumbani, mji wa Wote, Makueni, niliapa sitaandika tena kitu chenye sura ya kwanza mpaka ya tano.

Sisi tulianza na chaki. Darasa lilikuwa mjini Kitui, ukumbi wa mabati, na wanafunzi walikuja wikendi na vumbi la barabara zote za kaunti mbili. Mvua ikinyesha tulisimamisha somo. Si kwa sababu ya kelele za mabati peke yake. Watu walitoka nje kuitazama, na mimi mbele yao. Ukambani mvua haipiti bila kusalimiwa.

Nami nilifundishwa na mzee mmoja mkali, marehemu sasa, aliyesahihisha kwa mkasi. Sikutanii. Nilimpelekea sura niliyoipenda kama mtoto, akaikata vipande vipande, akavitandaza sakafuni mwa ofisi yake na kuniambia, "Okota vile unavyoweza kuvitetea." Niliokota vichache. Vingine alivifagia mwenyewe kwa ufagio, huku akiimba. Nilimchukia kwa muhula mzima, halafu nikampenda maisha yangu yote.

Sasa mtu kama mimi, niliyelelewa na mkasi, ndiye aliyeambiwa siku moja kwamba kozi yake inahamia mtandaoni. Nilinung'unika kama nyinyi tu. Wanafunzi nao walikuwa na maoni tofauti, kila mmoja na lake.

Abdi, kwa mfano, aliufurahia mtandao kama aliyeshushiwa mzigo. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo pale Mwingi, mtu wa jamii zilizotoka upande wa Garissa, na siku za mnada hakuweza kwenda popote. Darasa la mtandaoni lilimkuta sokoni. Alikuwa anatia simu kwenye mfuko wa shati kamera ikiwa wazi, kwa hiyo tulichoona mara nyingi ni kidevu chake na mawingu. Nikiuliza swali, sauti ya kwanza kujibu ilikuwa ya fahali.

"Madam, hiyo si mimi," Abdi alikuwa akisema. "Mimi bado nafikiria."

Pasta Mutua wa Mtito Andei naye aliuchukulia mtandao kama kanisa lililoongezewa viti. Alikuwa anasomea maendeleo ya jamii, na nyumba yake iko karibu na barabara kuu ya Mombasa, kwa hiyo kila aliposema neno la maana lori lilifunga breki nyuma yake. Tulikutana Jumamosi alasiri, na yeye ndiye aliyefungua kwa maombi. Hakuna aliyemchagua. Siku ya kwanza alisema tu "Tuombe," na darasa zima likainamisha vichwa, mwalimu pamoja nao.

Sasa sikilizeni lililotupata. Jumamosi moja Pasta alianza kuomba, akaombea serikali, akaombea wagonjwa, akafika kwa wasafiri. Halafu kimya. Tukadhani ameguswa na Roho, anatulia. Tukangoja. Kimya kikaendelea. Hakuna aliyethubutu kufumbua macho, na nani atasema amina kwa maombi ya mtu mwingine? Mimi nilifika mahali nikaanza kutubu vitu ambavyo hata sikuvifanya. Mwishowe tukasikia sauti ya Abdi, ya upole kabisa.

"Ndugu zangu, samahani. Mimi si wa kanisa lakini macho yangu iko wazi. Pasta alikatika kitambo. Hayuko."

Tulicheka mpaka mmoja wetu akaanguka kutoka kitini. Pasta aliporudi hewani alikuwa anamalizia, "...na wote waseme amina," hajui kwamba aliomba peke yake. Tangu siku hiyo Abdi akapewa cheo cha kuangalia wakati wengine tumefumba. Alikifanyia kazi kwa uaminifu kuliko wengi wanavyofanyia kazi vyeo vya kulipwa.

Lakini kicheko hakikumsaidia Mwikali, na huyu ndiye niliyetaka kuwasimulia.

Mwikali alikuwa mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya Mutomo. Netiweki haikufika nyumbani kwake, kwa hiyo kila Jumamosi alipanda mwamba ulio nyuma ya shule, akakaa juu na mwavuli, simu mkononi, mbuzi wakimzunguka. Alipopata nafasi ya uzamili, kina mama wa kanisa lake walimwombea mbele ya madhabahu, na tangu siku hiyo kijiji kizima kikaanza kumwita Mwalimu wa Digrii Mbili. Hawakungoja aipate. Watoto walimwita hivyo, muuza mboga alimwita hivyo. Jina lilitangulia, yeye akawa analikimbiza.

Na alikuwa amelikimbiza mpaka pabaya. Alikuwa ametetea pendekezo lake la utafiti mbele ya jopo mara mbili, na mara zote mbili likakataliwa. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi: ukikataliwa mara ya tatu, jina lako linaondolewa, unaenda nyumbani. Ilibaki nafasi moja.

Jioni moja akaandika kwenye kundi letu la simu kwamba anajitoa. Nikampigia palepale kabla hajabonyeza. Msinicheke, lakini nilikuwa nayachukia yale maneno yanayojitokeza yenyewe kwenye simu: fulani ameondoka kwenye kundi. Kila aliyepita mbele ya jopo aliondoka, na kila aliyeshindwa aliondoka. Darasa lilikuwa kama kituo cha mafuta Mtito Andei: mtu anajaza tangi, hata jina la aliyemjazia hamuulizi.

"Madam, hii kitu ya onlaini haina roho," Mwikali akaniambia. Nilisikia upepo wa mwambani.

"Haina roho vipi?"

"Mimi natuma kazi yangu huko kwa grupu. Wote wananiambia kazi nzuri dada, Mungu akuinue, wananiwekea maua. Halafu naenda kwa jopo nachinjwa. Si afadhali mngenichinja nyinyi? Nyinyi ni watu wangu."

Alisema kweli tupu. Nilifungua kundi nikasoma maoni ya wenzake. Maua, mikono ya maombi, barikiwa sana. Darasani Kitui watu walikuwa wanakunja uso, wanaguna, wanakuuliza wakati wa chai, "Lakini hapa ulimaanisha nini?" Mtandaoni hakuna chai. Kilichobaki ni adabu, na adabu yetu sisi watu wa huku ni kubwa: hatumkosoi mtu mbele za watu, tena kwa maandishi, tena mbele ya Pasta. Mwikali alikuwa anazama huku wote tunampigia makofi.

"Mwikali," nikamwambia, "huko kwenu mwethya bado mnafanya?"

"Sana. Wiki jana tulikuwa kwa jirani tunachimba matuta."

"Mlipofika kwake mlimwambia shamba lake ni zuri?"

Akacheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu. "Madam, nani ana hiyo wakati? Ukifika unashika jembe."

Kwa nyinyi msiotoka huku, mwethya ni kazi ya kusaidiana. Kikundi, mara nyingi cha kina mama, kinakwenda shambani kwa mmoja, kinachimba matuta au kinabeba mchanga wa bwawa, na zamu inayofuata kinakwenda kwa mwingine. Nilikua nikiona mwethya ukija kwetu. Siku hiyo mama yangu hakugusa jembe kabisa. Kazi yake ilikuwa sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yanayopikwa na maharagwe, na uji. Ukimwona mwenye shamba anatoka jikoni kuja kuwaambia watu "Hapo msichimbe, hapo napapenda," ujue matuta yatapinda. Mwenye shamba anapika, wageni wanachimba, na jioni anatoka kuona shamba lake lilivyokuwa jipya.

Jumamosi iliyofuata nikatangaza kwamba darasa limegeuka mwethya. Kila wiki tunalima kazi ya mtu mmoja, sote. Kusema "kazi nzuri" ni marufuku mpaka tumalize. Na mwenye kazi azime kipaza sauti chake. Hajitetei, haelezi, hasemi "nilichomaanisha ni." Yeye yuko jikoni. Anaandika kila tunachosema, basi. Shamba la kwanza, Mwikali.

Pasta aliteseka, jamani. Tulikuwa tunaona kwenye skrini kwamba anaandika, halafu anaacha, halafu anaandika, halafu anaacha. Mwishowe akalipuka kwa sauti, "Dada Mwikali, nakupenda kwa upendo wa Bwana, lakini ukurasa huu wa pili sijaelewa kitu!" Lori likafunga breki. Kisha wote tukaanza kusema kwa pamoja, kama bomba lililozibuliwa.

Abdi ndiye aliyechimba zaidi. "Dada, mimi nimeanza safari na wewe," akasema kutoka mfukoni mwa shati. "Tumepita Ulaya. Tumepita bara Asia, tumepumzika Afrika Magharibi. Nimechoka, na Mutomo sijaiona. Kwani Mutomo iko ukurasa gani?"

Ilikuwa mbali, kusema kweli. Huo ndio ugonjwa wenu nyote, na msibishe. Mnataka kuandika juu ya kijiji chenu mnaanza na dunia. Mnaivisha sentensi tai na koti mpaka haiwezi kuinama kuokota kitu. Mwikali alikuwa ameandika kuhusu elimu katika maeneo kame ulimwenguni, kwa Kiingereza kizito kama mlango wa benki, na jopo lilimuuliza mara mbili: wewe hasa unataka kujua nini?

Shamba hilo lilituchukua Jumamosi kadhaa. Tulikata dunia, tukakata bara. Mwikali hakusema neno. Alituandikia tu "Nimeelewa," na kwa jinsi lile neno lilivyokuja haraka tulijua amekasirika. Siku nyingine aliandika "Nimeelewa" kabla hatujasema.

Halafu Abdi akaliona. Mwishoni kabisa, katikati ya sentensi ndefu, Mwikali alikuwa amegusia kwamba wanafunzi wanaotoka mbali huja na mitungi ya maji ya shule, na kwa hiyo hukosa kipindi cha kwanza, ambacho ni kusoma.

"Simama hapo," Abdi akasema. "Hawa watoto ni walewale kila siku?"

Mwikali akaandika: Ni walewale.

"Na ni hao hawajui kusoma vizuri?"

Akaandika: Sijawahi kuangalia.

"Basi hii ndio ng'ombe yenyewe," Abdi akasema. "Hizo zingine zote ulikuwa unatuonyesha kamba."

Nilisimama kutoka kwenye kiti changu nikazunguka meza. Mwalimu wa uandishi anangoja wakati huo kama mkulima anavyongoja wingu, na umri wote haujanizoesha. Mwanamke huyu alikuwa na swali zuri kuliko yote niliyoyasoma mwaka ule, na alikuwa amelizika chini kabisa kwa sababu aliliona dogo. Lilikuwa la nyumbani, ndiyo maana.

Shikeni jambo moja la kazi hapa, hata mkisahau mengine. Mnajua tuta la fanya juu: unachimba mfereji na udongo unaurusha upande wa juu wa mteremko, hauuachi uporomoke. Mnachokikata kwenye maandishi, msikitupe. Kiwekeni kwenye faili nyingine, muiite hivyo hivyo, Juu. Mwikali aliweka dunia yake yote juu, na baadaye, alipohitaji kueleza wenzake wa nchi nyingine wamegundua nini, aliteremsha aya mbili tu zikatosha. Na jingine: kabla hujaandika kwa Kiingereza, eleza swali lako kwa lugha uliyonyonya, kwa mtu asiyekuogopa. Mwikali alimweleza muuza mboga. Muuza mboga akamwambia, "Sasa hiyo ndiyo unasomea? Hiyo ni ya maana."

Siku ya jopo ikafika, nayo ilikuwa mtandaoni. Tuliruhusiwa kusikiliza, vipaza sauti vimezimwa. Mwikali alikuwa juu ya mwamba amevaa nguo ya kanisani. Chini ya mwamba walikuwa kina mama waliomwombea, wamekuja na leso na viti. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Niliwaza: akikataliwa leo, atateremkaje mbele ya hawa?

Aliwasilisha vizuri, kwa sentensi fupi. Kisha mwenyekiti wa jopo, mwanamume wa sauti nzito, akauliza, "Kwa nini umechagua kusoma na si hesabu?"

Mwikali akainamisha kichwa. Kimya.

Mjumbe wa pili akadhani labda swali ni gumu, akauliza lake: je, akikuta maji hayahusiani na lolote? Kimya. Wa tatu akauliza watoto watapimwaje. Kimya. Tulimwona tu ameinama, mkono unasogea. Mwenyekiti akaanza kukunja uso. "Mwanafunzi yuko? Au hana majibu?"

Nikashtuka kama niliyemwagiwa maji. Alikuwa anaandika! Tulimzoesha sana: ukiulizwa, nyamaza, andika, uko jikoni. Alikuwa anatufuata sisi kwa utii, akielekea kuzimu. Nikarukia kipaza sauti, na kwa haraka nikabonyeza kamera, jopo zima likaniona nikipunga mikono kama anayefukuza kuku. Abdi akaniokoa.

"Samahani mwenyekiti, nisamehe," akasema, na fahali akamsindikiza. "Mwikali! Leo si mwethya! Toka jikoni ujibu!"

Mwikali akainua kichwa. "Aiya! Kumbe mnaningoja mimi?"

Hata mwenyekiti alicheka. Na hapo, vijana wangu, nikaona uzuri wa ule utii. Maswali yote yalikuwa mbele yake, yameandikwa, hakuna lililomponyoka. Aliyajibu moja baada ya jingine bila haraka.

"Kwa nini si hesabu? Hesabu tunafundisha saa nne, na saa nne kila mtoto amefika. Kusoma ni asubuhi, na asubuhi wengine wako njiani na mtungi. Nikikuta maji hayahusiani, nitaandika hayahusiani. Lakini nitakuwa nimeangalia. Mpaka leo hakuna mtu ameangalia."

Jopo likatuhamishia kwenye chumba cha kungojea, kile cha mtandaoni, ili wajumbe washauriane. Pasta akasema, "Tuombe." Tukafumba macho, wote isipokuwa mwenye cheo chake. Pasta akaomba kwa nguvu. "Baba, lainisha mioyo ya jopo hili. Ile iliyo migumu kama mwamba wa Mutomo, Baba, ipondeponde..."

"Pasta," Abdi akanong'ona.

"...na yule wa sauti nzito, Baba, mguse..."

"Pasta! Wameturudisha! Jopo wanasikia!"

Walikuwa wameturudisha ukumbini bila sisi kujua. Nilifumbua macho nikaona jopo zima limetulia linasikiliza. Nilitamani ardhi ya Kitui ifunguke. Mwenyekiti akakohoa, akarekebisha miwani.

"Amina," akasema. "Imelainika. Pendekezo limekubaliwa, na marekebisho madogo."

Simu ya Mwikali ikaanguka. Tuliona mbingu, tukaona kwato za mbuzi, na kutoka chini ya mwamba tukasikia vigelegele, virefu, kina mama wanapokezana, mpaka mjumbe mmoja wa jopo akaomba tuvinyamazishe kidogo asome marekebisho. Hakuna aliyejua jinsi ya kuvinyamazisha. Nililia, na sioni aibu kuwaambia.

Baadaye nilikaa na simu mkononi nikingoja yale maneno ninayoyachukia. Amepita, nikajiambia, sasa ataondoka kama wengine, na ni haki yake. Simu ikalia. Mwikali alikuwa ameandika: "Jumamosi tunalima kwa nani?"

Tulilima kwa Pasta, tukalima kwa Abdi, na Mwikali alikuwa mkali kuliko sisi sote. Kundi lipo hadi leo. Watu wamemaliza, wamevaa joho, na hawaondoki. Mwaka niliostaafu walinifanyia sherehe ya mtandaoni, Pasta akaomba, Abdi akaangalia, kisha Mwikali, ambaye sasa kijiji kinamwita jina lake kwa haki, akawasha kipaza sauti.

"Madam, umetulima miaka yote. Shamba lako hatujawahi kuliona. Andika kitu."

Sikushika kalamu mpaka kijana wenu aliponipigia simu, na hiki hapa ndicho nilichoandika. Niliwatumia Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nimeanza na historia ya elimu tangu wamishonari walipofika pwani, kurasa nzuri, nilizipenda mno. Abdi aliuliza Wote iko ukurasa gani. Walizikata zote, na mimi nilikuwa nimezima kipaza sauti, ninaandika "Nimeelewa" kwa haraka sana.

Kijana wangu uliyenipigia simu, nimewaambia habari zako. Wamesema Jumamosi hii tunakuja kwako. Pika.